Mnunuzi wa tatu: barua ya wazi kwa wanaosimamia minada ya korosho

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Bodi ya Korosho Tanzania, Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na viongozi wa vyama vikuu vya ushirika vya Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani.

Waheshimiwa, salaam.

Msimu ukikaribia, huku Kusini mazungumzo huwa ni yaleyale: mwaka huu bei itakuwa shilingi ngapi? Wanasiasa huahidi, wanunuzi hulia na soko la dunia, sisi wakulima tunangoja. Safari hii naomba tuzungumzie kinachoizaa hiyo bei, yaani kanuni za mnada wenyewe: nani anaruhusiwa kuingia, anaonyeshwa nini kabla ya kuandika bei, anaweka dhamana kiasi gani, na matokeo yakitoka yanatangazwaje. Mimi ni mwanachama wa chama cha msingi na ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo mtanivumilia nikipiga hesabu kidogo.

Kuna tawi la hisabati linaloitwa nadharia ya michezo. Linachunguza mtu anavyoamua pale ambapo faida yake inategemea uamuzi wa mwenzake, ambaye naye anamwangalia yeye. Mwaka 1961 William Vickrey alilitumia kuchambua minada, na mwaka 1996 akatunukiwa Nobeli ya uchumi. Mwaka 2020 tuzo hiyo ikaenda kwa Paul Milgrom na Robert Wilson, waliosaidia kubuni minada ya masafa ya mawasiliano nchini Marekani. Minada inayopitisha mabilioni ya dola hubuniwa na watu wanaokaa chini na kujiuliza: mnunuzi mjanja akizisoma kanuni hizi, atafanya nini? Swali hilo sijasikia likiulizwa hadharani kuhusu korosho.

Nianze na mfano wa darasani. Tuseme ghala lina korosho za daraja la kwanza, na kila mnunuzi, akishatoa gharama zake zote, anaona zina thamani kwake kati ya shilingi 3,000 na 4,000 kwa kilo. Anaijua thamani yake, haijui ya mwenzake. Bei zinaandikwa kwa siri, wa juu anashinda na analipa alichoandika. Mnunuzi ambaye kwake kilo ina thamani ya 4,000 hataandika 4,000, maana akishinda hatabaki na kitu. Atapunguza. Apunguze kiasi gani? Akiwa na mshindani mmoja, hesabu inamwambia aandike 3,500. Akiwa na washindani wanne, aandike 3,800. Korosho ni zilezile, mnunuzi ni yuleyule, soko la Vietnam, zinakopelekwa korosho zetu nyingi, halijatikisika. Kilichobadilika ni idadi ya watu anaogombana nao.

Ukitafuta wastani, mnada wa wanunuzi wawili unaleta kama shilingi 3,333 kwa kilo. Wakiwa watatu, 3,500. Watano, 3,667. Tisa, 3,800. Tazameni ngazi ya kwanza ilivyo ndefu: mnunuzi wa tatu peke yake anaongeza takriban shilingi 167 kwa kilo, ambazo kwenye tani 1,000 ni shilingi milioni 167 hivi. Mnunuzi wa tisa anaongeza shilingi 22 tu. Mwaka 1996 wachumi Jeremy Bulow na Paul Klemperer walithibitisha jambo linalopaswa kuwashtua wote wanaopenda kutangaza bei za chini, yaani bei ambazo mali haiuzwi chini yake: katika mazingira ya kawaida ya mnada, muuzaji asiye na bei ya chini kabisa lakini aliyepata mshindani mmoja wa ziada hupata zaidi kuliko muuzaji aliyepanga bei ya chini kwa ustadi wote.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalowauliza si bei dira, yaani bei elekezi, ya msimu ujao. Ni hili: ghala moja moja, wiki hadi wiki, linagombewa na wanunuzi wangapi kwa kweli? Sihesabu leseni zilizotolewa. Kampuni tatu zenye mwenye mali mmoja ni mnunuzi mmoja, na kampuni mbili zinazotumia mkopo wa mnunuzi yuleyule wa nje ni mnunuzi mmoja pia, hata kama kila moja ina mhuri wake. Uswisi waliliona hili mwaka 2000. Walipiga mnada leseni nne za simu za kizazi cha tatu, wakajitokeza washindani tisa. Kabla mnada haujaanza, baadhi wakajitoa na wengine wakaungana, wakabaki wanne. Leseni nne, wanunuzi wanne. Ziliuzwa kwa takriban bei ya chini iliyopangwa, wakati mwaka huohuo Uingereza ilikuwa imekusanya pauni bilioni 22.5 kwa leseni tano zilizogombewa na kampuni 13.

Najua mtaniambia habari ya 2018. Oktoba ya mwaka ule wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa bei za mnadani zilizokuwa chini ya shilingi 3,000, baada ya msimu uliotangulia kuwazoesha bei nzuri. Novemba serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, na magari ya Jeshi la Wananchi yakaingia kwenye maghala. Silijadili hapa kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Nataka tuangalie ulichomfundisha kila aliyekuwa akitazama. Mkulima alijifunza kwamba akikataa, huenda serikali ikaja. Mnunuzi alijifunza kwamba anaweza kusafiri hadi Mtwara, akakodi ghala, akaandaa mkopo, kisha mnada ukafutwa chini ya miguu yake. Mnunuzi wa namna hiyo, hasa mgeni na mdogo, msimu unaofuata anafikiri mara mbili kabla ya kuja, na huyo ndiye mnunuzi wa tatu tunayemtafuta. Wale wakubwa waliozoea watakuja tu, watapunguza bei kufidia hatari.

Haki ya wakulima kukataa bei katika mkutano ni kitu kizuri, na naomba isiguswe. Kwa lugha ya nadharia, ni bei ya chini ya siri, na siri hiyo ina faida yake: mnunuzi hajui mstari uko wapi, hivyo hawezi kuusogelea na kusimama shilingi moja juu yake. Lakini kukataa kuna nguvu pale tu ambapo mkataaji anaweza kusubiri. Mnunuzi anajua Januari shule zinafunguliwa. Anajua nani anadaiwa dawa ya salfa ya mikorosho. Anajua kwamba mtu mwenye shida atamuuzia wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua nje ya mnada, usiku, kwa kipimo cha kuibiwa. Mkutano ukipiga kelele "haturidhiki", yeye anahesabu wiki. Stakabadhi ghalani, iliyoanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, ilikuwa na maana kubwa zaidi ya kuhifadhi magunia: mtu awe na karatasi inayokubalika benki, apate fedha za kumvusha, auze wakati unaomfaa. Mkitaka sauti ya mkutano iogopwe, rudisheni uzito wa ile karatasi. Mkopo mdogo wa nusu ya thamani ya gunia, unaolipwa siku korosho zinapouzwa, unabadilisha mchezo mzima bila kumwamrisha mnunuzi yeyote.

Kupanga bei ya chini na kuitangaza ni jambo jingine kabisa. Jirani zetu wamelijaribu. Julai 2021 chai ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo wa Kenya, kwenye mnada wa Mombasa iliwekewa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo. Wanunuzi wakachagua chai bora na kuiacha nyingine, chai isiyouzwa ikarundikana maghalani, na baadaye masharti hayo yakaondolewa. Bei moja ya chini kwa bidhaa yenye ubora wa aina nyingi huumiza anayezalisha daraja la chini, ambaye mara nyingi ndiye maskini zaidi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu: kupanga bei.

Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX, na mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 ulitoa bei zilizozidi shilingi 4,000. Watu wakashangilia kioo, yaani mnada wa kwenye skrini ya kompyuta. Mimi pia nilifurahi, kwa sababu lile sanduku la zamani la bahasha za bei lilikuwa na maswali mengi. Lakini kuhama kutoka sanduku kwenda kwenye kioo, peke yake, hakuongezi bei. Nadharia inasema wazi kwamba kama wanunuzi hawajuani, hawategemeani na kila mmoja ana thamani yake, mnada wa siri na mnada wa kupandishana humletea muuzaji wastani uleule. Tofauti inaanza pale wanunuzi wanapojuana.

Na wetu wanajuana. Wanakutana tangu Oktoba hadi msimu uishe, kwenye miji ileile, na mwaka unaofuata wanakutana tena. Mchezo unaochezwa mara moja humshawishi kila mtu kumzunguka mwenzake. Mchezo unaorudiwa kila wiki huwafundisha ustahimilivu: wiki hii niachie Masasi, wiki ijayo nakuachia Nachingwea, na ukinigeuka nitakupandishia bei kwenye ghala lako mpaka ujute. Hawahitaji kikao wala mkataba. Wanachohitaji ni njia ya kujua nani amevunja makubaliano. Na hapa, waheshimiwa, sisi wenyewe huenda tunawapa njia hiyo kwa jina la uwazi. Tukisoma hadharani kila jina, kila bei na kila tani aliyoiomba aliyeshinda na aliyeshindwa, mkulima anaridhika kwamba hakuibiwa, na kundi la wanunuzi linapata ripoti kamili ya nidhamu ya wenzao, bure, kila wiki.

Hili ni gumu, na sitaki kulirahisisha. Kuna watu walioibiwa na viongozi wao wa ushirika, na kwao kuona kila kitu ndiyo kinga pekee. Pendekezo langu ni kutenganisha muda. Siku ya mnada itangazwe bei ya kila ghala na tani zilizouzwa, ili mkutano uamue. Majina ya walioshindwa na bei zao yafungiwe mpaka msimu uishe, halafu yachapishwe yote, kila mtu asome. Wakati huohuo nakala kamili iende moja kwa moja kwa Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003 ina mamlaka ya kushughulikia zabuni za njama. Wataalamu wake watafute dalili zinazojulikana: bei za walioshindwa kukaa karibukaribu chini ya mshindi mmoja, kampuni mbili ambazo hazijawahi kugombana ghala moja, ushindi unaozunguka kwa zamu.

Kioo nacho kina mlango wake wa siri. Katika mnada wa masafa nchini Marekani wa 1996 na 1997, kampuni ya US West ilikuwa inagombana na kampuni ya McLeod kuhusu leseni ya mji wa Rochester, Minnesota, ambayo namba yake kwenye orodha ilikuwa 378. US West haikupiga simu. Iliingia kwenye maeneo ya Iowa ambako McLeod alikuwa anaongoza, ikaandika bei kama dola 313,378. Mwisho wa tarakimu ulikuwa ujumbe: niachie 378, nami nitaondoka kwako. McLeod akaelewa, akaacha. Baadaye tume ya mawasiliano ya nchi ile ikawawekea wazabuni bei za kuchagua badala ya kujiandikia. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa siku moja: bei zipande kwa hatua zilizopangwa, tuseme shilingi 10, na jina la mzabuni lisionekane kwa wenzake wakati mnada unaendelea.

Kuhusu aina ya mnada, Klemperer alipendekeza mchanganyiko ambao nadhani unatufaa. Mnada unaanza kwa kupandishana mpaka wabaki wawili, kisha hao wanaandika bei ya mwisho kwa siri, mara moja. Raundi ya kupandishana inampa kila mmoja fununu ya wengine wanavyoithamini mali. Raundi ya siri inampa mdogo matumaini ya kumshinda mkubwa, na inamjaribu mwanakundi kuwasaliti wenzake wakati hawawezi tena kumjibu. Kuna watakaoshauri mnada wa Vickrey, ambamo mshindi hulipa bei ya aliyemfuata. Ni mzuri sana ubaoni. New Zealand waliutumia kuuza masafa mwaka 1990, na mmoja aliyeandika dola 100,000 akalipa dola 6. Jaribuni kulieleza hilo mbele ya mkutano wa wakulima wa Newala.

Suala la ubora nitalipitia kwa kifupi ingawa lina fedha nyingi. Mnunuzi haogopi bei kubwa peke yake. Anaogopa kushinda kwa sababu ndiye aliyekosea zaidi kukadiria. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta nchini Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walieleza jinsi kampuni zilizoshinda vitalu vya Ghuba ya Meksiko zilivyokuwa zikiambulia faida ndogo kwa sababu hiyohiyo. Anayejua hatari hiyo hujikinga kwa kupunguza bei. Dawa ya muuzaji ni kusema ukweli mapema: kila ghala liwe na cheti cha unyevu na cha uzito wa kiini, kwa pauni, unaotoka kwenye gunia la kilo 80, kilichopimwa na mtu asiyefungamana na chama wala mnunuzi, kwa sampuli zisizochaguliwa na mwenye ghala. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kiko hapahapa Mtwara na kinaijua korosho kuliko sisi sote. Milgrom na Robert Weber walionyesha mwaka 1982 kwamba muuzaji mwenye desturi ya kutangaza anachokijua, kizuri na kibaya, kwa wastani hupata bei kubwa zaidi. Mawe ndani ya magunia ya wachache yanalipwa na wote.

Dhamana ya mzabuni iwe nzito kiasi cha kuuma. Anayeruhusiwa kushinda kisha akachelewa kulipa bila maumivu hajanunua korosho; amejikatia nafasi ya kungoja. Soko la nje likipanda anachukua, likishuka anatoweka, na huku nyuma amewazuia waliokuwa tayari kulipa. Marekani iliwahi kumpa kampuni ya NextWave leseni za masafa kwa zabuni ya dola bilioni 4.7 mwaka 1996, ikafilisika 1998 kabla ya kumaliza kulipa, na masafa yakakwama kortini kwa miaka. Ila dhamana hiyohiyo ikiwa kubwa mno kwa ghala zima, inamfukuza mdogo. Njia ni kugawa mali: baadhi ya mafungu yawe ya tani chache, dhamana yake ilingane nayo, na aliyelipa kwa wakati misimu iliyopita apunguziwe.

Wabanguaji wetu wa ndani ndio wadogo ninaowafikiria hapo. Wengi husema watengewe mnada wao wa mapema. Nina wasiwasi: mnada wa wachache ni mnada wa bei ndogo, na anayegharamia viwanda vyao anakuwa mkulima. Kuna njia nyingine. Katika mnada mmoja wa masafa wa 1994, Marekani iliwapa wazabuni wanyonge punguzo: wakishinda, hawalipi bei yote waliyoandika. Ian Ayres na Peter Cramton walipouchambua, walikadiria kwamba mapato ya serikali yaliongezeka kwa takriban asilimia 12. Sababu ni kwamba wakubwa, walipoona wadogo wana nguvu ya kuwafukuza, walilazimika kupandisha bei zao. Mbanguaji aingie mnada uleule na wauzaji wa korosho ghafi nje, lakini apewe nyongeza ya asilimia fulani kwenye bei yake, na fedha hiyo itoke kwenye ushuru wa kusafirisha ghafi, si kwenye mfuko wa mkulima. Ushuru huo, asilimia 15 au dola 160 kwa tani kutegemea ipi ni kubwa, tayari mnunuzi anautoa kwenye hesabu yake kabla ya kuandika bei. Tumeshaulipa sisi.

Siwaombi mniamini. Yote haya yanaweza kupimwa msimu mmoja. Chukueni orodha ya maghala, igawanyeni kwa kura mbele ya watu: nusu yaendeshwe kwa kanuni za sasa, nusu kwa kanuni mpya za raundi mbili, majina yaliyofichwa, cheti cha ubora na mafungu madogo. Ugawaji kwa kura ni wa lazima, la sivyo kila mwenye ghala zuri ataliingiza upande anaoupenda na hatutajifunza kitu. Mwisho wa msimu linganisheni bei ya kilo ya daraja la kwanza kwa daraja la kwanza, wiki kwa wiki, pamoja na idadi ya wazabuni kwa kila fungu na siku zilizopita kabla ya mkulima kulipwa.

Na rasimu ya kanuni hizo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, angalau mwezi mmoja kabla ya mnada wa kwanza, kwa Kiswahili, pamoja na jina la ofisi ya kupokea maoni yetu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanachama wa chama cha msingi,
Wilaya ya Tandahimba